Programu yangu inakufa kila bamvua ikikaribia magharibi. Kerneli inaachaje kumbukumbu zipandiane?

#1 Kipwa_Mkoani

Assalaam alaykum jamani. Msinicheke kabla sijamaliza.

Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, hapa Mkoani, nimeifunga kwenye kibanda cha ami yangu karibu na pwani. Kazi yake moja tu, kupima kina cha maji. Kipimo kinatuma namba kwa waya wa siriali, programu yangu ya C inapokea na kuandika kwenye faili. Cron, kiwashaji cha ratiba cha Linux, inaiwasha saa sita usiku na faili mpya, inakwenda mpaka saa sita usiku ya pili. Siku za maji mafu napima mara 1 kwa sekunde. Siku za bamvua napima mara 10 kwa sekunde, maana hapo maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 na ndiyo ninayoyataka hasa.

Sasa tizameni khabari hii. Maji mafu, programu haina neno. Bamvua ikiingia, iwe mwezi mwandamo au mwezi mpevu, inakufa. Na haifi ovyo: inakufa saa 12 na dakika 12 jioni, watu wanatawadha. Inaandika "Segmentation fault", yaani imegusa anwani isiyoruhusiwa, na kunyamaza. Mara tano sasa, dakika ile ile.

Faili naiweka kwenye kumbukumbu kwa mmap, yaani naiomba kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, inioneshe faili kama sehemu ya kumbukumbu. Ikijaa naiongeza MiB 1 (baiti 1,048,576), halafu naitandika upya pale pale:

```
ftruncate(fd, urefu);
mmap(MSINGI, urefu, PROT_READ | PROT_WRITE,
     MAP_SHARED | MAP_FIXED, fd, 0);
```

MSINGI ni anwani moja kila siku, kwa sababu ndani ya faili nahifadhi pointa (anwani za kwenye kumbukumbu) zinazounganisha rekodi. Faili ikihama, pointa zote zinakuwa uongo. Mmap hairudishi kosa lolote, nimeangalia. Nisaidieni, mzee mmoja hapa ameshaniambia nihamishe kibanda.

#2 Urojo_Saa10

Pemba, bamvua, magharibi. Na bado unauliza? Hiyo si ya kuletwa jukwaani, hiyo ni ya ubani na kombe la kunywa 😂

#3 Chake_Kwetu

@Urojo_Saa10 mmeanza watu wa mjini. Kila kikiharibika kitu Pemba ni jini, kikiharibika Unguja ni "hitilafu ya kiufundi".

#4 Mpiga_Nanga

Acheni utani, nimeshalipata. Kutoka saa sita usiku mpaka saa 12 na dakika 12 jioni ni saa 18 na dakika 12. Piga hesabu: sekunde 65,520 na kidogo. Ongeza sekunde 16 inakuwa 65,536. Namba hiyo kila fundi anaijua! Kuna kihesabio chako cha biti 16 kinajaa na kurudi sifuri. Badilisha aina ya namba, kalale.

#5 Kipwa_Mkoani

Nilifurahi kaka, wallahi, nikaenda kupekua. Hakuna. Vihesabio vyangu vyote ni vya biti 64. Nimebadilisha hata visivyohusika na jana ikafa vile vile.

Ila nimekuta kitu cha ajabu kwenye mafaili ya siku za msiba. Yote matano yana ukubwa mmoja, baiti 22,020,096. Rekodi ya mwisho ya halali inaishia baiti ya 20,971,520. Baada ya hapo ni sifuri tupu, kama inavyotarajiwa, ile MiB niliyoongeza haijaandikwa kitu. Lakini karibu kabisa na mwisho wa faili, katikati ya sifuri, kuna herufi hizi: `R1874`.

Hivyo ndivyo kipimo kinavyotuma, herufi R na milimita. Mie maandishi hayo siyaandiki kwenye faili hata siku moja. Nayageuza kuwa namba kwanza. Nani kayaandika?

#6 Urojo_Saa10

Nimefuta kicheko changu. Hiyo sasa inatisha kweli.

#7 Bi_Mkunazini

Kipwa, mwanangu, hiyo `R1874` ndiyo alama ya kidole ya mwizi. Kabla sijasema kitu, nipe majibu matatu:

Programu ina nyuzi ngapi? (Nyuzi za programu, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, si huu uzi wa jukwaani.)
`cat /proc/sys/kernel/randomize_va_space` inasema nini?
Niwekee ramani ya kumbukumbu, `/proc/PID/maps`, ya programu ikiwa hai, asubuhi ya siku ya bamvua, mistari inayozunguka MSINGI.

Na 65,536 ya Mpiga_Nanga iacheni. Rekodi yake nahisi ni baiti 32. Mara 10 kwa sekunde ni baiti 320. MiB 20 ukigawa kwa 320 inatoka 65,536 kamili. Ni sadfa ya hesabu. Akibadilisha rekodi kuwa baiti 40, msiba utahamia mchana na namba hiyo haitoonekana tena.

#8 Kipwa_Mkoani

Shikamoo bibi. Rekodi ni baiti 32 kweli, umejuaje.

Nyuzi mbili. Wa kwanza unaandika faili. Wa pili unakaa kwenye `read()` unasubiri kipimo, ukipata unaupa wa kwanza. Huo wa pili niliuongeza mwezi uliopita, mwanzo haukuwepo.

randomize_va_space inasema 0. Ndiyo ile kinga ya kuzihamisha anwani kila programu inapowaka, niliizima mwenyewe. Kuna mtu aliniambia anwani zikiwa zinahamahama pointa za kwenye faili hazitodumu.

Ramani, nimeondoa mistari ya juu na chini:

```
7ff5000000-7ff5800000 rw-s  bamvua.dat
7ff5d00000-7ff6500000       staki ya uzi wa pili
7ff6500000-...              libc na wenziwe
```

Huo wa kati, kumbukumbu ya kazi ya uzi wenyewe, nimeufupisha na jina nimelipa mie, kwenye maps hauna jina. MSINGI ni 7ff5000000. Niliichagua siku ya kwanza kabisa, nikatazama maps nikaona chini ya libc (maktaba ya msingi ya C) pote ni tupu.

#9 Bi_Mkunazini

Marahaba mwanangu. Basi kaa kitako.

Kila mchakato, yaani programu ikiwa hai, una shamba lake la anwani pepe, ambazo si anwani za RAM yenyewe. Kerneli haikumbuki shamba hilo baiti kwa baiti. Inalo daftari la vipande: kutoka hapa mpaka hapa, ruhusa hizi, nyuma yake kuna faili hii au hakuna faili. Kila kipande nitakiita mtandiko, maana mmap ni kutandika tu. Sheria ya daftari ni moja na haina msamaha: mitandiko miwili haipandiani. Anwani moja ina mwenyewe mmoja au haina mwenyewe. Ndani ya Linux daftari hilo lilikuwa mti mwekundu-mweusi kwa miaka mingi, na tangu toleo 6.1 la Desemba 2022 ni mti wa aina nyengine unaoitwa maple tree, uliotengenezwa makusudi kwa kuhifadhi masafa yasiyopandiana.

Kwa hiyo swali lako la kwenye kichwa, "inaachaje zipandiane", jibu lake ni kwamba haiachi. Suala ni nani anaondoka.

Ukiita mmap bila MAP_FIXED, anwani unayotoa ni pendekezo. Pakiwa pana mtu, kerneli inakutafutia pengine na kukurudishia anwani mpya. Ukitia MAP_FIXED umesema: nataka hapa hapa, na chochote kilichopo hapa kiondoke. Kerneli inashika kufuli ya daftari, inatafuta mitandiko yote inayoguswa na masafa yako, inakata. Mtandiko uliomo mzima ndani ya masafa unafutwa. Ulioguswa mkia unakatwa mkia, ulioguswa kichwa unakatwa kichwa. Ukipita katikati ya mtandiko mkubwa, mmoja unakuwa miwili na wewe upo kati. Halafu inafuta maingizo ya jedwali la kurasa (linalotafsiri anwani pepe kuwa za RAM) kwa masafa yale na kuhakikisha kila kiini cha prosesa kimesahau tafsiri za zamani, ndipo inaandika wako. Kurasa za faili zilizoshirikiwa hazipotei, zina faili yao. Kurasa zisizo na faili, kama staki, zimekwenda na maji. Na yote hayo yanahesabika kuwa ni mafanikio. Hakuna kosa la kukurudishia, umepewa ulichoomba.

Sasa rudi kwenye namba zako. Kutoka MSINGI mpaka chini ya staki ya uzi wa pili ni MiB 13. Staki ni MiB 8. Juu yake, MiB 21 kamili kutoka MSINGI, ndipo libc inapoanza.

Siku ya maji mafu unaandika baiti 2,764,800. Hufiki hata MiB 3. Salama.

Siku ya bamvua ni baiti 27,648,000. MiB 13 zinajaa saa 6 kasoro dakika 10 mchana. Hapo unaomba ya 14, na kerneli inaukata mkia wa chini wa staki, pamoja na sehemu ya ulinzi iliyowekwa pale ili staki ikifurika ijulikane. Hukusikia kitu, kwa sababu staki inashuka kutoka juu na uzi wako unatumia kilobaiti chache tu za juu kabisa. Mchana kutwa unamla mwenzio kutoka miguuni na yeye hajui. Saa 12 na dakika 12 MiB 20 zimejaa, unaomba ya 21. Hiyo ndiyo MiB anayoishi.

Wakati huo uzi wa pili umelala ndani ya `read()`. Bafa yake, yaani sehemu ya kupokelea data, iko kwenye staki. Ameiambia kerneli: kipimo kikisema kitu, niandikie anwani hii. Anwani ni ile ile, lakini chini yake sasa hamna staki, kuna MiB ya mwisho ya faili yako. Kipimo kikasema R1874. Kerneli ikaandika pale pale ilipoambiwa. Ndiyo maana maandishi yamo ndani ya faili, karibu na mwisho. Halafu uzi ukaamka, ukatafuta njia ya kurudi nyumbani kwenye staki yake, ukakuta sifuri. Ukarukia anwani sifuri. Segmentation fault.

Kwa hiyo mauti yalianza kabla ya adhuhuri. Magharibi yalikuwa maziko.

Na lau uzi huo ungenusurika, saa 1 na dakika 6 usiku MiB 21 zingejaa na ungepanda juu ya libc yenyewe.

#10 Kipwa_Mkoani

Nimesoma mara tatu. Nimetoka nje kidogo nikarudi nikasoma tena. Bibi, mie ndiye jini.

#11 Urojo_Saa10

🤲 Mwambieni yule mzee kibanda kibaki.

#12 Mpiga_Nanga

Maelezo mazuri, sibishi, na 65,536 yangu naimeza. Lakini mie bado naona kosa ni la Linux. Mfumo gani wa maana unafuta staki ya uzi ulio hai na kusema "sawa bosi"? Windows ukiiomba VirtualAlloc mahali penye mtu inakataa, unapewa kosa namba 487, anwani batili. Kwa kukufutia haikufutii. Huo ndio uungwana.

#13 Chake_Kwetu

Mpiga_Nanga ana hoja nusu. Ya Windows ni kweli. Hata Mach, iliyo ndani ya macOS, ukitaka anwani maalumu na pana mtu inasema hakuna nafasi, mpaka useme wazi kwamba unataka kufuta. Kwa upande wa POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, MAP_FIXED imeandikwa hivyo hivyo: kilichokuwepo kinabadilishwa. Linux haikubuni.

Lakini kuna sababu, na sababu yenyewe unaitumia kila unapoandika `ls`. Maktaba kama libc ina vipande: maagizo ya kutekelezwa, data ya kusomwa tu, data ya kuandikwa. Umbali baina yao lazima uwe vile vile ulivyopangwa na kompaila. Kipakiaji, kinachoweka programu na maktaba kwenye kumbukumbu, kinafanyaje? Kwanza kinatandika masafa yote kwa mara moja, kerneli ichague mahali. Halafu kinarudi na MAP_FIXED na kutandika kila kipande juu ya ule mtandiko wa kwanza, kwa ruhusa zake. Kupandia huko ni kwa makusudi. Ukikataza, kipakiaji itabidi kifute kwanza kisha kitandike, na baina ya kufuta na kutandika uzi mwengine unaweza kuingia ukakaa. Kwa MAP_FIXED ni tendo moja chini ya kufuli moja.

Ni kama mkeka wa sikukuu pale Mnazi Mmoja. Unampeleka mtoto mapema atandike mkeka mkubwa mtupu. Baadaye unakuja na meza ya ubuyu unaiweka juu ya mkeka wako mwenyewe. Hakuna anayekulaumu. Kipwa alitandika kamkeka ka mtu mmoja, kisha kila saa anakavuta, anakavuta, mpaka kamefunika meza ya mwenziwe. Na yeye ndiye aliyemuajiri huyo mwenziwe.

Dawa ya waungwana ipo: MAP_FIXED_NOREPLACE, tangu Linux 4.17 ya mwaka 2018. Nataka hapa, pakiwa pana mtu usimguse, nirudishie kosa EEXIST, "kitu kipo tayari". Michal Hocko, mmoja wa watengenezaji wa kerneli, alipoileta mwanzo iliitwa MAP_FIXED_SAFE, watu wakabishana jina kwa muda mrefu kuliko walivyobishana msimbo wenyewe. FreeBSD wana yao, MAP_EXCL pamoja na MAP_FIXED.

Halafu kioja. Toleo hilo hilo la 4.17 kerneli yenyewe ilianza kutumia NOREPLACE kupakia programu za ELF (muundo wa kawaida wa programu za Linux), kwa usalama. Zikatokea programu za zamani ambazo vipande vyake vyenyewe kwa vyenyewe vinapandiana, zikagoma kuwaka. Wakaziba upande mmoja, upande mwengine ukavuja. Mwaka 2019 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaiondoa NOREPLACE kwenye programu za kawaida, ikarudi MAP_FIXED, na kazi ya kuirudisha kwa njia nyengine ikaja baadaye. Kwa hiyo hata wao wenyewe hawakuweza kukataza kwa siku moja.

#14 Mpiga_Nanga

Sawa, mkeka nimeuelewa. Lakini si angeweza kusoma maps kabla ya kila mmap, akiona patupu ndipo aombe?

#15 Chake_Kwetu

Hapana yakhe. Umesoma maps, umeona patupu, kabla hujaita mmap uzi mwengine kaomba kumbukumbu kubwa kwa malloc na kakaa. Ukaguzi na ukaaji vikiwa vitu viwili, katikati kuna mlango. Tena kitabu cha mwongozo cha mmap kinaonya jambo hilo kwa jina.

#16 Fundi_Darajani

Samahani wakubwa, mie fundi wa simu tu, nasoma haya kwa kupenda. Bi Mkunazini kasema anwani moja mwenyewe mmoja. Lakini mbona simu yenye programu thelathini hazipakii libc thelathini? Nilidhani wote wanasoma ile ile moja. Hapo si wamepandiana?

#17 Bi_Mkunazini

Fundi, swali lako ndilo lililotakiwa kuulizwa na wenye vyeti.

Huku kwetu mtu anaweza kuwa na ardhi, na mikarafuu iliyomo ikawa ya mtu mwengine. Wakigombana, lazima kwanza uulize wanagombania mti au udongo. Hapa vivyo hivyo. Katika anwani pepe, ndani ya mchakato mmoja, hakuna kupandiana. Katika RAM yenyewe, kupandiana ni jambo la kila siku. Ukurasa mmoja wa libc ndani ya RAM unaweza kuonekana kwenye michakato mia, kila mmoja kwa anwani yake. Hata mchakato mmoja unaweza kuutandika ukurasa huo huo mara mbili, kwa anwani mbili. Ukiandika kupitia jina hili unasoma kupitia jina lile.

Kuna watu wanalitumia hilo kwa ustadi mzuri: bafa ya mviringo. Unatengeneza faili ya kumbukumbu kwa memfd_create, unatenga nafasi mara mbili ya ukubwa wake, unaitandika faili hiyo hiyo mara mbili mfululizo. Ukiandika ukapita mwisho wa nakala ya kwanza, umeingia mwanzo wa ya pili, ambao ni mwanzo ule ule wa ya kwanza. Huhitaji kukata ujumbe vipande viwili. Mie napenda sana ufundi huu, ila kwenye prosesa za zamani, ambazo kashe yake inapangwa kwa anwani pepe, ulikuwa na masharti, anwani mbili hizo zilitakiwa zilingane kwa namna fulani la sivyo kila jina lingeona data yake peke yake.

#18 Chake_Kwetu

Nyongeza fupi kwa wanaocheza na mashine pepe. KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, nayo ukiipa vipande viwili vya kumbukumbu ya mgeni vinavyopandiana inarudisha EEXIST, haikati. QEMU, programu ya kuiga mashine inayokaa juu yake, inakubali vipandiane na kuvipa vipaumbele, halafu inajipigia hesabu nani anaonekana juu na kuipelekea KVM orodha iliyokwisha kunyooshwa. Kila ghorofa na sheria zake.

#19 Kipwa_Mkoani

Nimeelewa kosa. Sasa nitengeneze vipi? Nitie NOREPLACE tu iishe?

#20 Bi_Mkunazini

NOREPLACE peke yake haikufai, kwa sababu unatandika upya kutoka MSINGI, na MSINGI pana mtu: wewe mwenyewe. Utapata EEXIST ukiomba MiB ya pili tu. Ungeweza kuitumia kwa kile kipande kipya peke yake, lakini mchana utafika kwenye staki, utapata EEXIST ya kweli, na hapo utafanya nini? Utajua kosa, hutokuwa na nafasi. Na ukiwa na kerneli ya kabla ya 4.17 flagi hiyo haijulikani, inachukuliwa kama pendekezo la kawaida, kwa hiyo lazima ulinganishe anwani uliyopewa na uliyoiomba.

Kwa kukuza mtandiko kuna mremap. Ukiiita bila ruhusa ya kuhama inajaribu kurefusha pale pale, na ikikuta jirani inakataa kwa kosa ENOMEM. Ungeitumia hiyo tangu mwanzo ungepata kosa la wazi mchana badala ya msiba wa magharibi.

Lakini dawa yako ni nyengine, na inaanza na pointa. Usihifadhi pointa kwenye faili. Hifadhi umbali kutoka mwanzo wa faili. Rekodi ya pili iko baiti 32 kutoka mwanzo, leo na kesho na kwenye mashine yoyote. Ukishafanya hivyo MSINGI haina kazi tena, faili ikae popote kerneli inapotaka.

Pili, tandika mkeka mkubwa mapema. Kabla hujaanzisha uzi wowote omba MiB 64, anwani iwe NULL, ruhusa PROT_NONE (hakuna kusoma wala kuandika), bila faili, na MAP_NORESERVE. Hiyo haili RAM, ni mstari mmoja kwenye daftari unaosema nafasi hii ina mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna staki wala malloc itakayowekwa ndani yake. Kisha tandika faili kwa MAP_FIXED ndani ya nafasi hiyo, ukikagua kwamba hujavuka MiB 64. Hayo ndiyo matumizi salama ya MAP_FIXED, kujipandia mwenyewe.

Tatu, rudisha randomize_va_space iwe 2. Leo hii. Huyo aliyekwambia uizime alikuondolea kinga ya mashine nzima ili kuficha kosa la programu moja. Tena, kuizima ndiko kulikoufanya msiba wako uwe na saa. Kwa upande huo nimshukuru, ingekuwa imewashwa ungekufa siku moja asubuhi, siku moja usiku, na tungekuwa hapa mpaka Mfunguo Tatu.

#21 Fundi_Darajani

Nimejaribu ya bafa ya mviringo kwenye Pi 5 ya duka, mmap ya pili inakataa: EINVAL, yaani ombi batili. Nimetumia MAP_FIXED, bafa yangu ni baiti 4096, nimefuata kila neno. Nimekosa nini?

#22 Chake_Kwetu

Kerneli ya kawaida ya Raspberry Pi OS kwenye Pi 5 inatumia kurasa za KiB 16, si KiB 4. Anwani ya MAP_FIXED lazima igawike kwa ukubwa wa ukurasa. Wewe ya pili umeiomba hatua 4096 kutoka ya kwanza, katikati ya ukurasa. Usiandike 4096 kwa mkono, uliza `sysconf(_SC_PAGESIZE)` na bafa iwe mara kamili ya hiyo.

#23 Fundi_Darajani

16384. Imekubali. Nimeandika "karafuu" ikavuka mpaka na kusomeka mwanzo. Wateja wawili wameniona nacheka peke yangu.

#24 Kipwa_Mkoani

Assalaam alaykum tena. Nimechelewa kurudi, nilikuwa nasubiri mwezi upevuke.

Pointa zimetoka, umbali umeingia. Ilinichukua siku mbili, kuna mahali nilisahau moja ikanipa kina cha maji cha kilomita. Mkeka wa MiB 64 umetandikwa kabla ya uzi wa pili. Nimetia na ukaguzi: ikivuka, programu inasema kwa maneno na kusimama. Kinga imerudishwa 2, kila nikiwasha anwani inakuwa nyengine na haijali.

Jana bamvua. Saa 12 kasoro nilikuwa kibandani na simu mkononi, ami naye kaja, na yule mzee pia kaja, kasema yeye anapita tu. Nikafungua maps. Saa 12 na dakika 12 mstari wa bamvua.dat ukarefuka kutoka MiB 20 kwenda 21, mstari wa PROT_NONE unaoufuata ukafupika MiB 1, staki ya uzi wa pili iko mbali kwengine kabisa haijaguswa. Adhana ikatolewa, tukaenda kuswali. Niliporudi, saa 1 na dakika 6 ilikuwa imeshapita, iko 22 na inaandika.

Asubuhi nimehesabu rekodi. Siku kamili ilitakiwa ziwe 864,000. Zimo 863,991. Tisa zimekosekana, zote saa 8 usiku, umeme ulipocheza.

@Bi_Mkunazini yale mafaili matano ya zamani, je nikate tu kwenye baiti ya 20,971,520 niyatumie, au kuna kingine kinaweza kuwa kimeandikwa humo na staki mchana ule?

#25 Bi_Mkunazini

Kata hapo. Mchana ule uzi haukushuka chini kiasi hicho, ungeshuka ungekuta kumeandikwa juu yake na ungekufa mapema zaidi. Ila kabla ya kukata, pitisha `grep` ya herufi R ikifuatwa na tarakimu nne, katika MiB 13 mpaka 20. Kisha tuwekee hapa umekuta nini.

#26 Kipwa_Mkoani

Nimepitisha mafaili yote matano. Hamna kitu ila zile R za mwisho, moja kila faili. R1874, R1902, R1866, R1881, R1874.